Ukiona Vyaelea, Vimeundwa

MKAZI wa Kigoma hahitaji kusimuliwa habari za meli ya Liemba. Iliundwa mwaka 1913 katika mji wa Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa vipande vipande, ikapakiwa katika maelfu ya masanduku, ikavuka bahari hadi Dar es Salaam, kisha ikasafirishwa kwa Reli ya Kati, iliyofika Kigoma mwaka 1914. Vipande hivyo viliunganishwa upya ufukoni mwa Ziwa Tanganyika, na Februari 1915 meli ikashushwa majini kwa jina la Goetzen. Julai 1916, Wajerumani walipoona kwamba Kigoma inawaponyoka, waliizamisha wenyewe karibu na mahali ambapo mto Malagarasi unaingia ziwani.

Kabla ya kuizamisha, mafundi wake walifanya jambo moja dogo: walizipaka injini zake grisi nzito ili zisiliwe na kutu. Waingereza walipoiibua Machi 1924 walikuta injini hizo bado zinafaa. Mei 1927 meli ikarudi kazini kwa jina la Liemba, na iliendelea kusukumwa kwa mvuke hadi ilipotiwa injini za dizeli katika miaka ya 1970.

Uamuzi wa kupaka grisi haukuhitaji hesabu ngumu. Ulihitaji watu waliokwisha kufungua injini kwa mikono yao, wakaona kutu inavyokula chuma, na wakajua ni sehemu ipi ikiharibika hairudi tena. Lakini ujuzi huo haukuachwa Kigoma. Waafrika walibeba masanduku na kugonga ribiti kwa nyundo, ila hakuna aliyefundishwa sababu ya ribiti kukaa pale ilipokaa. Mkoloni alihitaji misuli yao. Akili ya kuunda aliiweka mbali nao.

Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Swali linalolikabili Taifa leo ni hili: vijana wetu wanaosomea uhandisi katika vyuo vikuu wanafundwa kuunda, au wanafundwa kueleza jinsi wengine walivyounda?

Nchi hii haikuanza leo kulitafakari jambo hilo. Machi 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Julius Nyerere alionya juu ya elimu inayomtenga msomi na kazi na kumfanya aone kwamba vitabu peke yake ndivyo chemchemi ya maarifa. Novemba 1974, Azimio la Musoma lilitaka elimu na kazi viwe kitu kimoja, na lilitaka kijana aonje kazi kwanza kabla ya kuingia chuo kikuu. Kati ya matamko hayo mawili, mwaka 1973, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilifungua Kitivo cha Uhandisi kwa msaada wa Ujerumani Magharibi ya wakati huo. Kabla ya hapo kijana wa Tanzania aliyetaka shahada ya uhandisi alilazimika kwenda Nairobi au ng'ambo. Kitivo hicho kilijengewa karakana na maabara, na tangu mwanzo mafunzo ya vitendo katika viwanda na maeneo ya ujenzi yalifanywa sehemu ya shahada yenyewe. Mwaka 1981 ikaongezwa taasisi ya ubunifu wa uzalishaji, ili yale yanayobuniwa chuoni yapate njia ya kumfikia mkulima na fundi.

Msingi huo ulikuwa sahihi, na haujabatilishwa na mtu yeyote. Kilichobadilika ni hali ya kuutekeleza. Matatizo ya uchumi ya miaka ya 1980 yalifanya mashine zikose vipuri. Baadaye, mlango wa elimu ya juu ulipofunguliwa kwa vijana wengi zaidi, jambo ambalo ni la haki na la kujivunia, idadi ya wanafunzi ilipanda haraka kuliko idadi ya meza za maabara. Matokeo yake yanajulikana na kila mhadhiri aliye mkweli. Wanafunzi ishirini au zaidi huizunguka mashine moja. Mmoja anaishika, wawili wanasoma vipimo, mmoja anaandika, na waliobaki wanatazama saa. Hatua za jaribio zimekwisha kuandikwa katika karatasi. Jibu nalo linajulikana tangu mwaka uliopita. Ripoti hupokezanwa kutoka darasa la juu hadi la chini kama mali ya urithi, na mwisho wa muhula wote wanapata alama, hata yule ambaye hajawahi kukaza skrubu moja.

Jambo hili linapasa kusemwa sasa kwa sababu Taifa limo katika kipindi cha kujenga. Mwaka 2021 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola za Marekani milioni 425 kwa ajili ya mradi wa elimu ya juu kwa mageuzi ya kiuchumi nchini. Kwa mradi huo vyuo vikuu vya umma vimepata kumbi, maabara na kampasi mpya mikoani, Kigoma ikiwamo, ambako Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili kimepangiwa kampasi. Fedha hizo ni mkopo, nao utalipwa kwa jasho la mkulima wa michikichi na mvuvi wa dagaa. Wananchi hao wana haki ya kuuliza watakachopata ndani ya majengo hayo.

Tunalo somo la karibu. Mwaka 2012 Rais Jakaya Kikwete aliagiza kila sekondari ya kata iwe na maabara tatu, za fizikia, kemia na baiolojia. Wananchi waliitikia kwa michango na nguvu zao, na agizo hilo lilibadili sura ya sekondari zetu. Hata hivyo, katika sehemu nyingi kuta zilisimama mapema kuliko vifaa, na vifaa vilifika mapema kuliko walimu wa kuvitumia. Somo hilo halipunguzi sifa ya kazi iliyofanyika. Linafundisha kwamba jengo linaweza kukaguliwa, kufunguliwa rasmi na kupigwa picha kabla halijamfundisha mtoto hata mmoja. Kosa hilo likirudiwa katika vyuo vikuu, ambako mashine moja huweza kugharimu zaidi ya jengo zima la sekondari, hasara yake itakuwa nzito zaidi.

Kwa hiyo ni lazima kipimo kibadilishwe. Hadi sasa maabara hupimwa kwa ukubwa wa jengo na bei ya mitambo iliyomo. Kipimo cha haki ni kimoja tu: kila mwanafunzi amefanya nini kwa mikono yake mwenyewe, na amegundua nini ambacho hakuambiwa.

Kipimo hiki si cha Tanzania peke yake. Mwaka 2002 walimu wa uhandisi walikutana San Diego, Marekani, kujadili maabara ni ya nini hasa, wakakubaliana malengo 13. Miongoni mwake yamo kutumia vyombo vya kupimia, kulinganisha nadharia na hali halisi, kubuni, kuzingatia usalama na kufanya kazi kwa pamoja. Limo pia lengo ambalo mtumishi aliyezoea taratibu za ofisi anaweza kulishangaa, yaani kujifunza kutokana na kushindwa. Mwanafunzi aunde kitu, kikatae kufanya kazi, atafute sababu, akiunde tena.

Wazee wetu walikwisha kulisema hilo: kutenda kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Maabara ndiyo mahali pekee ambapo mhandisi anaruhusiwa kukosea bila kumuua mtu. Asipokosea pale, atakosea darajani, katika mtambo wa umeme, au katika chombo kilichojaa abiria. Mei 21, 1996, meli ya MV Bukoba ilipinduka katika Ziwa Viktoria karibu na Mwanza na kuua mamia ya watu. Tangu siku ile hakuna Mtanzania anayeweza kusema kwamba uthabiti wa chombo majini ni mlango tu wa kitabu cha fizikia.

Na jaribio la kuufundisha uthabiti huo halihitaji mamilioni. Linahitaji birika la maji, kielelezo cha mtumbwi kilichochongwa kwa mbao, vipande vya chuma vilivyopimwa uzito, na timazi. Mwanafunzi anaweka mzigo chini, anainamisha chombo na kupima pembe. Anaupandisha mzigo juu kidogo kidogo, akipima kila mara, mpaka chombo kinapinduka mbele ya macho yake. Aliyekipindua kwa mkono wake hatasahau maishani kwa nini abiria na magunia hawapaswi kurundikwa juu. Mwenzake aliyenakili jedwali la matokeo atalisahau siku ya pili baada ya mtihani.

Wapo watakaosema kwamba maabara ni ghali, na kwamba dunia ya leo imeleta njia ya mkato: majaribio ya kompyuta, ambayo mwanafunzi huyafanya kwenye kioo bila kugusa chuma. Hoja hiyo isipuuzwe, kwa kuwa ina ukweli ndani yake. Mwaka 2005 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Makerere cha Uganda na Obafemi Awolowo cha Nigeria vilianza kushirikiana na taasisi ya MIT ya Marekani katika mpango wa maabara zinazoendeshwa kwa mtandao, ambapo mwanafunzi hutuma maagizo akiwa mbali na mtambo halisi humrudishia vipimo. Njia hiyo humwezesha kijana kufikia kifaa ambacho chuo chake hakiwezi kukinunua. Humwezesha pia kurudia jaribio mara nyingi na kujiandaa kabla ya kuingia maabara.

Lakini kompyuta haina harufu ya waya unaoungua. Haina nati iliyoshika kutu, wala bomba linalovuja mahali pasipotarajiwa. Mtambo wa kwenye kioo huharibika kwa namna tu ambazo mtengenezaji wa programu alizifikiria. Mtambo wa Kigoma huharibika kwa namna zake wenyewe. Kompyuta itumike kumwandaa mwanafunzi na kumwongezea mazoezi. Ikitumiwa kuchukua nafasi ya mkono, tutazalisha wahandisi wanaoogopa mashine.

Hoja ya gharama nayo hupungua nguvu mtu anapotazama mazingira yake. Atembeaye Mwanga, baina ya Kigoma na Ujiji, hukuta vijana wakichomelea vyuma, wakifungua injini za mashua na kutengeneza vipuri ambavyo havipo dukani. Wengi wao hawakuvuka kidato cha nne, lakini wanajua kwa sikio kama injini ina afya au inaumwa. Wanachokosa ni kipimo na sababu: kwa nini weld hii imepasuka na ile imedumu. Mwanafunzi wa chuo kikuu anazo sababu lakini hana sikio. Wawili hawa wakikutanishwa kwa utaratibu, kupitia vyuo vya VETA, Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO, na likizo za mafunzo ya vitendo, kila mmoja atampa mwenzake anachokosa.

Maswali ya kufanyia majaribio yamejaa mkoani humo. Kigoma ni kitovu cha michikichi nchini, na tangu mwaka 2018, Serikali ilipoanza kampeni ya kulifufua zao hilo, kituo cha utafiti cha Kihinga kimekuwa kikizalisha miche bora. Lakini mche bora ukikamuliwa kwa mashine duni, sehemu ya mafuta hubaki katika makapi. Ni kiasi gani hubaki? Hupungua kwa kiasi gani joto au mgandamizo ukibadilishwa? Hilo ni jaribio kamili la mwanafunzi wa uhandisi mitambo, na jibu lake lina thamani ya fedha kwa mama anayekamua mawese Ujiji.

Uvinza, chumvi imepikwa kutokana na maji ya chemchemi kwa zaidi ya miaka elfu moja. Ni kuni kiasi gani huteketea kwa kila gunia la chumvi iliyopikwa, na jiko la umbo gani lingezipunguza? Ziwani, mvuvi wa dagaa aliyekuwa akitegemea karabai sasa huweza kutumia taa za betri na nishati ya jua. Ni mwanga kiasi gani hupenya majini, na betri hudumu saa ngapi? Maswali haya hayana ripoti ya mwaka jana ya kunakili. Mwanafunzi atalazimika kupima, kwa sababu jibu halipo kokote mpaka apime.

Afrika Mashariki imekwisha kuonyesha kwamba hilo linawezekana. Mwaka 2011 wanafunzi na walimu wa Chuo Kikuu cha Makerere walilitoa hadharani gari dogo la umeme walilolipa jina la Kiira EV. Lilikuwa la viti viwili tu. Lakini kutokana na kazi hiyo lilizaliwa shirika la Kiira, ambalo baadaye lilionyesha basi la nishati ya jua na kujenga kiwanda Jinja. Vijana wale hawakusubiri maabara kamilifu. Walipewa tatizo halisi, muda, na ruhusa ya kukosea.

Nani basi atakayesimamia ujuzi huu kila siku? Hapa ndipo pana pengo ambalo halizungumzwi. Profesa hutoa mhadhara na kuondoka. Anayebaki na mwanafunzi mbele ya mashine ni fundi sanifu wa maabara. Ndiye anayejua mtambo upi una kilema, ndiye anayemshika mwanafunzi mkono asiunguzwe na umeme, na ndiye anayekiweka kifaa cha miaka thelathini kikiwa hai. Hata hivyo, katika mipango mingi ya maendeleo ya watumishi wa vyuo, masomo ya juu na safari za mafunzo humfikia mhadhiri kwanza, na fundi sanifu hukumbukwa mashine inapokwama.

Chuo cha Ufundi Dar es Salaam, kilichoanzishwa mwaka 1957, kilipandishwa kuwa Taasisi ya Teknolojia mwaka 1997. Cha Mbeya, kilichoanzishwa mwaka 1986, kikawa chuo kikuu mwaka 2012. Kupanda huko ni maendeleo. Kutakuwa hasara, hata hivyo, iwapo kutawafundisha vijana kwamba ufundi sanifu ni ngazi ya kupitia tu na kwamba aliyebaki hapo ameshindwa. Kasumba hiyo ni ya kikoloni, na inafaa ipigwe vita kwa mishahara, vyeo na heshima. Hotuba peke yake hazitaiondoa.

Marekebisho yanayohitajika yanaeleweka. Kwanza, vikundi vya maabara viwe vidogo, hata kama itabidi maabara zifunguliwe jioni na Jumamosi, kwa kuwa mashine inayolala saa kumi na sita kwa siku haiwezi kuitwa haba. Pili, mwanafunzi atahiniwe kwa mkono: asimame peke yake mbele ya mtambo wenye hitilafu, aitafute na aieleze. Mtihani ukibadilika, ufundishaji utabadilika bila waraka. Tatu, kila kifaa kinachonunuliwa kiambatane na fungu la matengenezo, vipuri na mafunzo ya fundi wake. Zabuni inayotazama bei ya kununulia peke yake hununua makumbusho. Nne, mashirika ya umma na makampuni yanayopata kandarasi za Serikali yapokee wanafunzi na kuwapa kazi ya kweli, badala ya kuwapa viti vya kukalia na barua ya kuthibitisha kwamba walikuwapo.

Bodi ya Usajili wa Wahandisi, iliyoundwa kwa Sheria ya mwaka 1997, ilianzisha mwaka 2003 mpango wa kuwalea wahitimu chini ya wahandisi wazoefu kwa miaka mitatu. Mpango huo unastahili kuungwa mkono. Lakini miaka hiyo mitatu ilikusudiwa kukomaza ujuzi. Isigeuzwe kuwa mahali pa kushika spana kwa mara ya kwanza.

Kazi inayowasubiri vijana hawa ipo mlangoni. Desemba 2022 ulitiwa saini mkataba wa kujenga reli ya kisasa kutoka Tabora hadi Kigoma, umbali wa kilomita 506, ikifuata njia ile ile iliyoleta masanduku ya Goetzen zaidi ya karne moja iliyopita. Wajenzi wa kigeni watamaliza kandarasi na kuondoka. Watabaki Watanzania, na reli, na mitambo ya umeme ya kuiendesha. Ikiwa siku mtambo utakaponyamaza pale Uvinza usiku wa masika atakayefika hapo amewahi kuuona mtambo wa namna hiyo katika picha tu, nchi itakuwa imenunua reli na kubaki kibarua juu yake, kama ilivyokuwa mwaka 1915.

Ofisa anayepitisha makisio ya bajeti ya chuo ana sehemu katika jambo hili. Akiona fungu la vipuri na grisi limewekwa mwishoni, aelewe kwamba si fungu la kukatwa kwanza. Mwalimu wa fizikia wa sekondari naye ana sehemu, maana kijana aliyepita kidato cha sita bila kuunganisha waya na betri hafiki chuo kikuu akiwa na mkono mwepesi. Mkaguzi wa elimu anapoingia katika maabara mpya, asianze kwa kuhesabu mashine. Amwite mwanafunzi mmoja, amwambie afungue ile iliyo karibu naye, kisha airudishe ifanye kazi.